Sauti ya Mwenye Akaunti

Nimerudisha hedifoni, nimerudisha kadi ya mlangoni, na kikombe changu nimekiacha makusudi ili mtu mwingine ahangaike nacho. Nyinyi vijana mlioingia chumba cha simu za dharura baada yangu, hasa nyinyi wachache mnaotetana kwa Kiswahili kwenye foleni ya maikrowevu mkidhani hakuna anayewasikia, mliniomba niandike kumbukumbu. Mlitaka kujua nilivyopanda kutoka kiti cha kupokea simu mpaka kiti cha msimamizi. Hilo sitaliandika. Ngazi hata paka hupanda. Nitaandika juu ya woga, maana huo ndio niliofanya nao kazi miaka yote, na hakuna mwenzangu niliyekaa naye karibu zaidi.

Nilikuja London kumfuata mume wangu, marehemu sasa, nikitokea Tanga, ambako nilikuwa karani wa hospitali. Hapa nilianza kwa kufagia ofisi za watu, kisha nikaona tangazo kwamba wanatafuta wapokea simu wa magari ya wagonjwa. Nikajisemea, kukaa kwenye kiti na kuongea, nani atanishinda? Siku ya kwanza niliogopa hata kwenda msalani. Nilidhani nikinyanyuka tu mtu atakufa, na atakuwa ni wangu. Nesi anaona, daktari anagusa. Sisi tuna sikio tu, na sikio haliwezi kufumba.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Pauline, mzaliwa wa Woolwich, mama mnene mwenye miguu mibovu ambaye alikuwa akifuma sweta chini ya meza, jambo lililokatazwa na kila msimamizi na kufumbiwa macho na wote. Haya nitakayowaambia yote yalisemwa kwa Kiingereza, ila nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo yalivyonikaa moyoni. Pauline alinifundisha kuuliza mahali kabla ya ugonjwa, kwa sababu simu ikikatika na unajua mahali, gari litafika, lakini ukijua ugonjwa bila mahali umejua umbeya tu. Alinifundisha kumwambia mtu afungue mlango wa mbele mapema, kabla mikono yake haijapata kazi nyingine. Alinifundisha kunywa maji ya uvuguvugu, si ya baridi, na kutokula kitu kinachovunjika mdomoni. Na alinifundisha hili, akinigonga goti kwa sindano yake ya kufumia:

"Mwanaidi, mpenzi wangu, usimsikilize mtu peke yake. Sikiliza na chumba alichomo. Mtu atakudanganya bila kutaka, kwa aibu, kwa mazoea, kwa heshima. Chumba hakina aibu."

Nikamuuliza nitakisikilizaje chumba.

"Bana hedifoni kwenye sikio la kushoto, ufumbe macho. Utasikia."

Nilifumba macho, nikasikia Pauline akitafuna biskuti aliyonikataza mimi.

Habari ya pumu pia ilitoka kwake. Alisema mwenye pumu anayelalamika kwa sentensi ndefu, mshukuru Mungu na uendelee na kazi. Anayeongea neno moja moja, harakisha. Anayenyamaza, piga kelele mpaka chumba kizima kisimame. Niliandika hayo kiganjani kwa kalamu siku ile, na mume wangu aliyasoma usiku akakosa usingizi.

Simu yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa ya mzee aliyeomba radhi kwa usumbufu. Mkewe alikuwa ameanguka jikoni. Kila nilipomwambia afanye kitu, alijibu, "Samahani sana, nafanya sasa hivi." Gari likafika, nikasikia buti ngazini, simu ikakatwa. Nikamgeukia Pauline nikamuuliza, "Amepona?" Akaniangalia kwa huruma kisha akanionyesha kwa kidole taa iliyokuwa ikiwaka mezani, maana yake simu nyingine. Hatuambiwi mwisho. Wenzetu huzoea. Mimi nilizoea kazi yote isipokuwa hilo, na mpaka leo nikiona mzee amebeba mfuko wa mkate peke yake, namfuata kwa macho mpaka apotee.

Sasa, kabla sijawaeleza simu iliyonifanya nikubali kuandika haya yote, niwapeleke kwanza jikoni kwa wifi yangu Zuhura, huko Woolwich. Zuhura ana Kiswahili cha kumwaga na Kiingereza cha kununulia ndizi. Binti yake Salma alizaliwa hapa. Anaelewa kila tunachomsengenya, ila hujibu zaidi kwa Kiingereza. Jumamosi moja nilimkuta Salma, mtoto wa miaka kumi na mitatu, amesimama kando ya jiko, mkono kiunoni, simu sikioni, akiongea na kampuni ya gesi. Alikuwa amelegeza sauti kama mama mtu mzima aliyechoka.

"Yes, this is Mrs Zuhura speaking," alisema. "Yes, I am the account holder."

Zuhura alikuwa pembeni akimnong'oneza, "Mwambie nilishawapigia wiki iliyopita. Mwambie mie mgonjwa. Mwambie wamwogope Mungu."

"I called last week," Salma akasema, "and I am not well." Wamwogope Mungu aliiacha.

Tulicheka mpaka Zuhura akakaa chini. Mtoto alipokata simu nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba anamwongelea mama yake. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshuka kwenye ndege jana.

"Auntie, they hang up! Wanasema lazima mwenye akaunti. So I'm the account holder."

Wengi wenu mmelelewa hivyo, msijifanye hamjui. Gesi, umeme, ofisi ya kaunsili ya mtaa, benki, wote hawaongei na mtoto, na hawaongei Kiswahili. Basi mtoto anakuwa mama. Niliona ni kichekesho. Nilikuja nacho mpaka kazini, nikawahadithia wenzangu, nao wakacheka.

Simu yenyewe iliingia alasiri, muda ule shule zinapotoka na mabasi yanajaa. Pauline alikuwa ameshastaafu. Nilikuwa nimekunywa chai, kiti changu kimekaa sawa, na woga wangu umelala kama paka mzee. Anwani ilikuwa Edmonton, kaskazini ya London, fleti juu ya duka.

"Habari za mchana," ilisema sauti ya mwanamke kwa Kiingereza safi. "Naitwa Hatice. Nina pumu, na leo pumzi inanisumbua. Naomba gari la wagonjwa, tafadhali." Akanipa anwani, akanipa postikodi, ile namba ya posta ya mtaa, akanipa na tarehe ya kuzaliwa kabla sijaiomba. Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kungojeshwa kwenye simu za ofisi.

Kwenye skrini yetu, mnajua, kuna swali kama mgonjwa anaweza kuongea sentensi nzima. Nilikuwa nimeshamsikia. Sentensi zake zilikuwa nzima, zimepigwa pasi. Nikajibu ndiyo, na kompyuta ikampanga kwenye wale ambao gari lao litakuja, lakini si la kwanza. Siku ile foleni ilikuwa ndefu.

"Mlango wa mbele uko wazi?" nikauliza.

"Naufungua sasa," akasema. Nikasikia nyayo zikikimbia, nyepesi na za haraka mno kwa mtu ambaye pumzi inamsumbua. Akarudi. "Uko wazi."

Nikamuuliza shida imeanza lini. Kimya. Kisha mnong'ono mdogo kwa lugha nisiyoijua, kisha kitu kingine, kisha jibu: "Imeanza asubuhi, lakini imezidi tangu saa ya chakula."

Nikauliza kama ametumia inhela yake ya kuvutia dawa. Kimya tena. Mnong'ono tena. "Nimeitumia, lakini imeisha."

Nilikuwa nimeusikia ukimya ule jikoni kwa Zuhura. Ulikuwa ni ukimya wa mtoto anayengoja mama amalize kunong'ona. Nikabana hedifoni kwenye sikio la kushoto, nikafumba macho. Nyuma ya ile sauti tulivu kulikuwa na sauti nyingine, kama mtu anavuta gunia kwenye sakafu ya saruji. Anavuta, anapumzika. Anavuta.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Hakuna mtu. Niko peke yangu."

"Namsikia mtu anapumua nyuma yako."

"Ni mimi."

"Wewe ninayeongea naye, una miaka mingapi?"

Akanirudia tarehe ile ile ya kuzaliwa, neno kwa neno, siku, mwezi, mwaka. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilielewa kwamba nikimbana vibaya atakata simu. Maisha yake yote, kila aliposhukiwa kwenye simu, simu ilikatwa. Alikuwa amejifunza kujitetea kwa njia moja tu, nayo ni kushikilia kwamba yeye ndiye mama yake. Na yule mama yake alikuwa akivuta gunia.

"Sikiliza, binti yangu," nikasema, na mimi huwa siwaiti wapigaji binti yangu, kanuni hairuhusu. "Hapa si kampuni ya gesi. Hapa hatumtaki mwenye akaunti. Hapa tunaongea na yeyote, hata mtoto, hata jirani. Sitakata simu. Niambie wewe ni nani."

Nilisikia basi likipita chini ya dirisha lao. Nilisikia gunia.

"Hutakata?" Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ndogo, imepoteza miaka yote ile.

"Sikati."

"Naitwa Elif. Nina miaka kumi na tano. Ni mama yangu. Hajui Kiingereza."

"Anaweza kuongea?"

"Neno moja moja. Nikimuuliza anasema neno moja, mimi namalizia."

Mimi namalizia! Zile sentensi nzima zote zilikuwa zake yeye. Nilikosea kitufe mara ya kwanza. Nikabadilisha jibu kwenye skrini, nikainua mkono, msimamizi akaja mbio, na gari lililokuwa likielekea kwingine likageuzwa. Mnakijua kile kimya cha chumba chetu wenzako wanapoacha kupiga soga na kuanza kukutazama mgongoni. Nilikihisi.

Nikamwambia amkalishe mama wima, asimlaze, afungue dirisha. Akaniambia amempaka kolonya, marashi yao makali, shingoni na kwenye viganja na amemnusisha, maana bibi yake hufanya hivyo mtu akizidiwa. Mimi ni mtu wa pwani. Najua mtu anavyopakwa marashi kwa mapenzi, na harufu ikajaa chumba kizima, na hakuna anayethubutu kusema inakera. Lakini kwenye pumu lile ni moto juu ya moto. Nikamwambia alete kitambaa chenye maji, amfute, chupa aitoe nje. Akaenda, akarudi. Alikuwa akiongea Kituruki kwa mama na Kiingereza kwangu, haraka, bila kuvuta pumzi yeye mwenyewe, na kila neno langu lilikuwa likipita kinywani mwake kabla ya kumfikia mgonjwa. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilimhitaji, maana sikuwa na mwingine.

Kisha akasema, na sauti yake ikawa na furaha: "Amenyamaza. Hakoromi tena. Nadhani amepata nafuu."

Kama kuna sentensi moja niliyotoka nayo kwenye kazi hii, ni hiyo.

"Elif, mtazame midomo. Ina rangi gani?"

"Sijui. Imekuwa kama… kijivu."

"Mwite jina."

"Anne," aliita. Ndivyo wanavyomwita mama. "Anne. Anne!"

Sikusikia jibu, wala sikusikia gunia. Nikamwambia amshushe sakafuni, alale chali. Akasema ni mzito. Nikamwambia amvute miguu, hata akigonga kitu si neno. Nikasikia kishindo, na mtoto akilia. Nikamweleza mikono iwekwe wapi, kifua kibonyezwe vipi, kwa nguvu, bila kuogopa kumuumiza. Nikaanza kuhesabu, nikamwambia ahesabu nami kwa sauti. Akaanza kwa Kiingereza, akapotea, akaanza tena, akapotea. Mara akashika kwa Kituruki, bir, iki, üç, dört, na hakupotea tena. Mimi sikuijua hesabu hiyo, lakini mdundo niliujua, na ulikuwa sawasawa. Nikanyamaza nikamwacha aongoze.

Kisha nikasikia buti, na sauti ya mwanamume, "Tumefika, mpenzi, sogea, tuachie sisi." Nikasikia mikoba ikifunguliwa. Yule mwanamume akauliza, "Unajua Kiingereza? Jina la mgonjwa nani?"

Na yule mtoto, akitweta, akajibu kwa ile sauti ya mwanzo, tulivu, iliyopigwa pasi: "Habari za mchana. Naitwa Hatice."

Simu ikakatwa, kama inavyotakiwa. Taa ikawaka. Aliyefuata alikuwa bwana aliyeingiza kidole kwenye chupa ya bia kikagoma kutoka. Nilimsaidia kwa adabu zote, naye akalalamika kwamba nina sauti ya kununa.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa treni. Bahati Walthamstow ninakokaa ndiyo mwisho wa reli, la sivyo ningepitiliza. Nilipita sokoni wakati wanakunja meza, nikanunua bamia nisizozihitaji, na kila mwanamke aliyekohoa nilimgeukia. Nikampigia Salma, nikamwambia, "Ukipiga simu kazini kwangu, kwa jambo lolote, sema wewe ni Salma. Usiwe mama yako." Akanijibu, "Auntie, I know." Hakujua. Hakuna anayejua mpaka siku yenyewe, kwa sababu ulimi una mazoea kuliko miguu. Tangu siku ile mwanafunzi yeyote niliyemfundisha alianza na swali langu hili, kabla ya maswali ya skrini: ninayeongea naye ndiye mgonjwa, au anamwongelea? Na muulize kwa upole, kwa maana wengine wameshakatiwa simu mara nyingi.

Niliuliza habari za Edmonton, nikaambiwa haturuhusiwi kufuatilia. Nilijua, maana kanuni hiyo nilikuwa nikiwafundisha wengine. Wiki zikapita. Nilianza kuota nahesabu kwa Kituruki, lugha ambayo ninajua namba nne tu.

Halafu ukaja ujumbe kwamba familia ya Edmonton inaomba kuonana na mpokea simu. Wenzangu wakanipongeza. Mimi sikufurahi hata kidogo, na nyinyi mtakaokaa kwenye kazi hii mtanielewa: hata waliofiwa huomba kuja. Huja kusikia maneno ya mwisho, au kuuliza kwa nini. Nilivaa gauni la rangi nyeusi kidogo, lisilo la furaha wala la msiba, nikashuka kwenye chumba cha wageni.

Ndani alikuwepo msichana peke yake. Sare ya shule, nywele zimefungwa nyuma, mkoba kifuani ameukumbatia. Hakuna mtu mwingine. Nikashika kitasa.

"Ni wewe," akasema, kabla sijajitambulisha. "Nimeijua sauti ulipomsalimia yule dada wa mlangoni."

"Na mama?" Ilinitoka tu.

"Yuko chooni," akasema.

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa changu, nikacheka, nikalia, msichana wa watu akabaki kunishangaa. Kisha mama akaja, mdogo kwa umbo, amekonda, anatembea kwa kutafuta ukuta. Alikuwa amelazwa hospitali muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanena maneno mengi, na Elif akayaleta kwangu kwa Kiingereza moja baada ya jingine. Baba hakuweza kuja, alikuwa kwenye tanuri ya mikate anakofanya kazi. Tukaletewa chai, na sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa.

Nilimuuliza Elif habari zake yeye. Alishangaa kuulizwa. Akaniambia amekuwa mama yake kwenye simu tangu yuko shule ya msingi. Siku moja alipiga simu shuleni kama mama yake, akajiombea ruhusa ya ugonjwa, wakampa pole. Tarehe ya kuzaliwa ya mama huitaja bila kufikiri, ya kwake humbidi asite. "Najua kueleza mguu wa mama unavyouma kwa lugha zote mbili," alisema. "Wangu ukiuma sijui nianzie wapi." Aliyasema haya akitabasamu, na mama naye akatabasamu kwa kumwona anatabasamu. Tangu siku ile ya gari la wagonjwa, akasema, simu ikiita anatapika.

Kisha, bila kuondoa lile tabasamu ili mama asishtuke, akaniuliza kwa Kiingereza cha haraka: "Nisingesema mimi ni yeye, gari lingekuja mapema zaidi?"

Hapo, vijana, hakuna skrini inayokupa jibu. Mtu mzima mwenye huruma angesema hapana, kisha wote tungekunywa chai. Lakini mtoto huyu alikuwa amesikia watu wazima wengi kwenye simu kuliko mimi. Angelijua jibu la uongo kabla halijafika.

"Ndiyo," nikasema. "Kidogo. Gari lingeondoka mapema kidogo."

Tabasamu likabaki, lakini macho yakajaa.

"Nisikilize. Hukuianzisha wewe. Sisi watu wazima tulikukatia simu tangu ukiwa mdogo mpaka ukajifunza kutokuwa wewe. Na siku ile, mikono ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Elif. Mimi nilikuwa sauti tu, na mama yako alikuwa sakafuni."

Mama akauliza kitu kwa Kituruki. Akauliza tena. Elif akaangalia meza. Basi yule mama akanigeukia mimi, akakusanya maneno kama mtu anayeokota punje za mchele, akaniuliza mwenyewe kwa Kiingereza: "Yeye… anauliza nini?"

Nikamjibu polepole. "Anaogopa. Anadhani ni kosa lake."

Neno la kuogopa alilijua. Akamshika binti yake kidevu, akamgeuza, akamwambia maneno marefu, ya chini, karibu na uso wake. Hakuna aliyenitafsiria, na sikuomba. Elif alilia kwa kelele, kilio cha mtoto, kamasi na yote.

Tukiwa hapo simu ikaita ndani ya mkoba wa Elif. Ndiyo simu ya familia yao, yenye namba iliyoandikwa ofisi zote. Aliruka kama aliyechomwa. Mkono ukaenda kwenye zipu, na nikaona mdomo wake unajipanga kuwa mtu mwingine. Mama akaweka kiganja juu ya mkono ule. Akaichukua simu yeye. Aliikosa sehemu ya kubonyeza, akajaribu tena.

"Haloo," akasema. "Ndiyo. Mimi." Akasikiliza, uso umekunjana. "Polepole. Tafadhali. Mimi nasikiliza, wewe polepole." Akasimama, akashika ukuta, akatoka nayo ukumbini, akaufunga mlango nyuma yake.

Elif akasimama amfuate.

"Kaa chini, mwanangu," nikasema.

"Atakosea. Itakuwa ni hospitali, miadi ya mapafu, atakosea siku."

"Akikosea watampigia tena."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Kupitia mlangoni tulimsikia akiomba, sema tena, sema tena, kisha akitamka jina la siku, kisha la siku nyingine. Midomo ya Elif ilikuwa ikimjibia chini chini. Niliogopa pia, sitawaficha. Nilimtaka yule mwenye simu upande wa pili, nimjue nani, nimwambie asikate, kwa jina la Mungu asikate. Nikaisogeza sahani ya biskuti mbele ya mtoto kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya mikono.

Mama aliendelea kuongea. Elif alichukua biskuti moja, akaishikilia, akaila. Akachukua nyingine. Mdomo uliokuwa ukijibu ukaanza kutafuna. Huko nje mama alisema ndiyo, ndiyo, akacheka kidogo, akaanza kutaja jina lake herufi moja moja. Elif akaifuta pua kwa mkono wa sweta, akaitazama sahani, akaniuliza kama anaweza kula ya mwisho.